Panga, kisu kidogo na msumeno: nabeba nini porini na kwa nini

Jamani hili naliona kila msimu wa likizo. Mtu akishaamua kuanza mambo ya porini, iwe kempingi ya wikiendi, kupanda milima au kwenda kukaa shamba la babu wiki mbili, cha kwanza anachotafuta ni lile jisu kubwa jeusi, lina meno mgongoni, lina dira kwenye mpini, ala yake ya nailoni imejaa vifungo. Linavutia kweli, silikatai hilo. Ila kwa hela hiyohiyo unapata panga zuri, kisu kidogo cha maana na tupa ya kunolea, na nauli inabaki, alafu hivyo vitatu vinafanya kazi ambazo jisu lile haliwezi hata moja kwa ukamilifu, maana kwa kufyeka ni fupi, kwa kumenya kitunguu ni nene, na kwa kukata mti ni jepesi.

Mi naamini kabisa mtu anatakiwa achague seti, asichague kisu. Yani ukae chini ujiulize naenda wapi, kuna miti gani, kuna nyasi au vichaka au mawe matupu, nitapika na nini, alafu kila kifaa unachoweka kwenye begi kiwe na kazi ambayo mwenzake haiwezi. Vikiwa viwili vinafanya kazi moja, kimoja kibaki nyumbani.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Kuna Mmarekani mmoja wa karne ya 19, George Washington Sears, wengi wanamjua kwa jina la Nessmuk, mtu mdogo wa mwili, hana nguvu nyingi, ila alizunguka kwenye maziwa na misitu ya Adirondack kule New York na mtumbwi mwepesi mpaka anaubeba mwenyewe. Vifaa vyake vya kukatia vilikua vitatu tu: kishoka kidogo cha makali pande mbili, kisu chembamba cha ala na kisu cha kukunja cha mfukoni. Mpaka leo watu wa kule wanaiga utatu wake. Lakini ukiangalia vizuri alichagua vile kwa sababu ya msitu wake, miti mikubwa, baridi, moto wa usiku kucha. Nenda Borneo au Malaysia utakuta parang, yani panga lao zito, na kisu kidogo, nenda Nepal utakuta kukri, jisu lao lililopinda, na vile visu viwili vidogo vinavyokaa kwenye ala hiyohiyo, nenda Brazili utakuta panga refu jembamba. Kila mahali msitu ndo umewachagulia.

Sasa huku kwetu ushauri mwingi tunauokota kwenye video za Wasweden, Wafini, Wakanada na Waingereza. Wanajua kazi yao sana na mi nimejifunza mengi kwao. Ila kule mvua na theluji zinalowanisha kuni nje, kwaiyo lazima upasue gogo ufikie moyo mkavu, ndo maana unaona mtu anaweka kisu juu ya kipande cha mti anakigonga mgongo kwa gongo mpaka kinapita. Na miti yao mingi ni misonobari na jamii zake, laini. Njoo ufanye hivo kwenye mkwaju mkavu au mgunga uone. Mpingo ndo usiseme, mti ambao moyo wake ukiutupa majini unazama, pale kisu kinamegeka makali kabla hujapata hata kibanzi. Alafu kiangazi cha kwetu kuanzia Juni mpaka Oktoba vijiti vikavu vimejaa chini, unaokota tu, moto wa kupikia unawaka bila kupasua chochote. Shida yetu kubwa porini huku ni nyasi ndefu, miiba, mitambaazi na vichaka vilivyofunga njia. Na dawa ya hivyo ni panga.

Nianze na panga basi, maana ndo uti wa mgongo wa seti nzima na ndo kitu ambacho watu wanakichukulia poa sana kwa vile kila nyumba kipo.

Ukifika dukani usichukue la kwanza unalopewa. Omba uletewe matano sita uchague. Lishike mpini, linyanyue usawa wa jicho, funga jicho moja utazame makali kutoka mpini mpaka nchani kama seremala anavyotazama mbao, ukiona limepinda rudisha. Likunje kidogo tu kwa mikono miwili alafu uachie, linatakiwa lirudi lilivyokua, likibaki limejikunja hicho chuma hakijapikwa vizuri. Ligonge ubapa kwa ufunguo, chuma kizima kinalia mlio wa kuvuta, chenye ufa au ribiti iliyolegea mlio unakatika hapohapo. Alafu angalia mpini, chuma kipite mpaka mwisho na ribiti ziwe tatu kama inawezekana, na ziwe zimelala sawa na mbao, ribiti iliyojitokeza kidogo tu itakutoa malengelenge nusu saa ya kwanza. Mpini wa plastiki unateleza ukitoka jasho, dawa yake kata mpira wa tyubu ya baiskeli uviringishe kwa kuvuta, haitelezi tena na ule mpira siku moja utakuokoa kwa kufungia kitu kingine au kuwashia moto wakati wa mvua, maana unawaka hata ukiwa umelowa.

Chapa nazozikubali? Tramontina ya Brazili, kiwanda kimeanza 1911 na bado wanatoa panga jembamba lenye chuma cha kuaminika, bei haiumi. Na zile za chapa ya mamba za Martindale wa Birmingham Uingereza, ukikuta mzee anauza la kwake usiliache, nunua. Za bei ya chini kabisa zipo zinazofaa na zipo ambazo ni bati tupu, kwaiyo hapo vile vipimo vya juu ndo vinakusaidia. Saizi mi napenda inchi 16 mpaka 18 kwa mtu anayetembea na begi. La inchi 20 na zaidi ni zuri shambani ambako una nafasi ya kuzungusha mkono, ila kwenye kichaka kilichofunga linagonga matawi ya nyuma yako kabla halijafika mbele.

Sasa sikiliza hapa, panga jipya halijanolewa. Limepitishwa tu kwenye mashine, makali yake ni mnene na ukifyekea nyasi zinalala badala ya kukatika, mtu anasema panga bovu kumbe hajalimalizia. Chuma cha panga kwa makusudi kinafanywa laini kuliko cha kisu, ili likigonga jiwe lijikunje kidogo badala ya kumegeka, na ulaini huohuo ndo unakuruhusu ulinoe kwa tupa popote ulipo. Nunua tupa bapa ya inchi 8, itie mpini, usishike ule mkia mtupu maana ukiteleza unakuingia kiganjani. Libane panga kati ya magogo mawili au mwambie mwenzio alikanyage vizuri mgongo, makali yaangalie nje. Sukuma tupa kwenda mbele tu, ukirudi inyanyue, meno ya tupa yanakata upande mmoja, ukisugua mbele nyuma unaiua tupa yenyewe. Endelea upande mmoja mpaka ukipitisha kidole taratibu upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, usikie kimchirizi cha chuma kimejikunja. Ukikisikia urefu wote ndo ugeuze. Mwisho pitisha kinoo kidogo pande zote mbili uondoe ule mchirizi.

Na kuna jambo ambalo wakata miwa na wafyekaji wazoefu wanalifanya bila hata kulieleza, panga halinolewi sawa urefu wote. Karibu na mpini, kipande cha kiganja kimoja, nafanya makali membamba kabisa, kama digrii 15 kila upande, hapo nachongea vigingi vya hema. Pale kwenye tumbo pana karibu na ncha, ambapo pigo linatua, naacha makali yenye mwili zaidi, digrii 20 mpaka 25, yastahimili mti mgumu. Ukinoa yote membamba kama wembe, siku ya kwanza tu kwenye mgunga unapata mapengo.

Ala. Panga nyingi zinauzwa uchi, na hili mi linanisumbua sana kwa sababu watu wanaumia kwa panga lililopo kwenye begi kuliko lililopo mkononi. Tafuta kipande cha bomba la plastiki la maji la inchi 3, kirefu kuliko panga kidogo. Lipashe juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, mbali kidogo na mkaa wenyewe huku unalizungusha, likianza kulegea liweke kati ya mbao mbili ulikanyage mpaka lipoe. Likitoa moshi umezidisha, na ule moshi ni sumu kwaiyo usisogeze pua. Likishapoa ni bapa, gumu, panga linaingia na kukaa. Toboa matundu mawili juu upitishe kamba, na kimoja chini kabisa maji yatoke. Hiyo ala inakaa miaka.

Wengine wataniuliza habari za sime. Sime naiheshimu, ni kifaa cha watu waliokijua chuma, na wahunzi wetu mpaka leo wanazifua kwa springi za magari, chuma chenye karboni kama asilimia 0.6 hivi, kizuri kabisa kwa kitu cha kupiga. Wachagga wa Mamba, jirani na Marangu, wamefulia Wamasai mikuki na masime vizazi na vizazi. Ila sime ina makali pande mbili, inapanuka kuelekea nchani, imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayelinda mifugo yake. Kwa kazi za kempu huwezi kuweka mkono wa pili mgongoni, huwezi kuigonga kwa gongo, na mtoto akiishika vibaya hakuna upande salama. Kama unataka chuma cha springi, nenda kwa fundi, pale Gerezani Dar au wale wa Kamukunji Nairobi, mwambie akutolee panga fupi la makali upande mmoja. Muombe asilifanye nene, maana mafundi wetu wanapenda kuacha unene wote wa springi na unaishia na kitu kizito kinachopasua badala ya kukata.

Kisu kidogo sasa. Hapa ndo watu wanatupa hela nyingi na hapa ndo hela kidogo inatosha kabisa. Kazi za kisu porini ukizihesabu ni chakula, kamba, kuchonga vitu vidogo, kutoa mwiba, kufungua vifungashio. Hakuna hata moja inayohitaji kisu kirefu. Sentimita 8 mpaka 11 ya makali basi. Mi natembea na Mora ya Sweden, ile Companion ya mpini wa plastiki, makali kama sentimita 10, nyepesi, ala yake ya plastiki inaoshwa kwa maji. Mafundi seremala wa Ulaya wanaitumia kazini, ndo ujue ni kifaa cha kazi. Makali yake yamepunguzwa kwa mteremko mmoja mpana kila upande, kwaiyo kunoa hukosei, unalaza ule mteremko wote kwenye kinoo na pembe inakuja yenyewe.

Kuna swali la chuma, cha kushika kutu au stenlesi. Mtu wa Iringa, Arusha au Nakuru anaweza kukaa na chuma cha karboni, kinanoleka haraka na kinakua kikali sana. Ila we unayeishi Tanga, Mombasa, Unguja, Mtwara, tafadhali chukua stenlesi. Hewa ya chumvi na jasho na ndimu za kachumbari, kisu cha karboni asubuhi unakikuta kimekua cha kahawia, na ladha ya chuma inaingia kwenye embe. Panga ni la karboni halikwepeki, hilo lipake mafuta ya cherehani likikauka. Kisu cha chakula mafuta ya kula kidogo sana yanatosha, ukizidisha yanaganda na kunata.

Kwa cha kukunja napenda Opinel ya Ufaransa namba 8, makali sentimita 8.5, ina ile pete ya chuma unayoizungusha kufunga, waliiongeza 1955. Ubaya wake mpini wa mbao unavimba ukilowa, kisu kinagoma kufunguka, kwaiyo si cha mtu wa mtumbwi. Na vile visu vyekundu vya Uswisi vya Victorinox, ukiweza kupata chenye msumeno, chukua hicho. Kile kimsumeno kinaonekana cha kuchezea lakini kinakata tawi la unene wa kidole gumba safi kabisa. Angalia feki tu, zimejaa, ya kweli ukiifunga inalia kwa uhakika na vifaa havichezi pembeni.

Na kisu cha chakula kiwe cha chakula. Hili nalisema kwa uzito. Kempu zetu mara nyingi kuna kuku au hata mbuzi anayenunuliwa kijijini akiwa hai, na kati yenu kuna Waislamu na wasio Waislamu, basi kisu cha kuchinjia kijulikane ni kipi, kiwe kisafi, kisiwe kimekatia nguruwe wala kuchimbia mizizi. Na kiwe kikali kwelikweli, kinolewe kabla na mnyama asikione kikinolewa, Waislamu tumefundishwa hivo toka utotoni na ni huruma kwa mnyama. Kisu cha sentimita 10 kwa kuku kinatosha, kwa mbuzi tafuta cha buchani, kirefu zaidi, cha bei ya kawaida tu.

Msumeno au kishoka? Hapa watu wanabishana sana, mi jibu langu ni msumeno wa kukunja kwa wengi wetu, na sababu ya kwanza ni usalama. Shoka likikosea linaishia kwenye mfupa wa mguu wako, na hospitali iko mbali. Msumeno ukikosea unakuchubua kidole. Sababu ya pili ni nguvu, tawi la unene wa mkono kwa msumeno ni dakika moja umekaa, kwa panga ni jasho na vibanzi kila upande. Bahco wa Sweden wana wao wa makali sentimita 19, Wajapani wana Silky ambazo ni kali kupita kiasi. Misumeno ya kijapani inakata wakati wa kuvuta, ukisukuma kwa nguvu unaikunja, kwaiyo vuta kwa uzito, rudisha bila uzito. Meno yake mengi yamepikwa kwa moto yawe magumu sana, tupa haiyawezi, yakiisha unanunua makali mengine, na huku kwetu kuyapata ni kazi, ukiagiza msumeno agiza na makali ya akiba hapohapo.

Lakini kuna sehemu moja ambayo kishoka nakipigia magoti, nayo ni misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Ukitembea na warina asali wa Sikonge utaona kishoka chao, na mi naomba mkiangalie kwa makini siku mkikutana nacho. Shoka la dukani lina tundu, mpini unapita ndani unakazwa na kabari, kukikauka linalegea na siku moja kichwa kinaruka. La kwao ni kinyume, chuma kina mkia mwembamba uliochongoka, na mpini ni mti uliochaguliwa una kichwa kinene cha rungu kwa asili yake. Ule mkia unapashwa moto mpaka unakua mwekundu, unachomewa kwenye kile kichwa polepole mpaka utokee upande wa pili. Kila ukipiga pigo, chuma kinazidi kuingia, yani shoka linajikaza lenyewe kwa kazi. Unene wa kile kichwa cha mpini ndo unaozuia mti usipasuke na ndo unaoongeza uzito wa pigo. Na ukitaka kumenya gome, unachomoa chuma unakigeuza kwa ubapa unakirudisha, tayari una tezo. Kwa kifaa hicho kimoja mtu anapanda mti, anachonga mzinga, anatundika, anafungua tundu la nyuki wa porini. Kwa makali ya upana wa vidole vitatu tu! Wanakifua wenyewe na mpini ukivunjika wanakata mwingine hukohuko. Hakuna kishoka cha Ulaya unachoweza kukitengeneza upya porini namna hiyo.

Kwaiyo seti zangu zinabadilika. Nikienda Kilimanjaro au Meru ni kisu cha Uswisi mfukoni, basi. Kule moto wa kuni ni marufuku, wapishi wanatumia gesi, na hukati hata jani, panga la nini? Uluguru na Usambara kwenye njia za mashambani ni panga na Mora, maana mvua ikipita wiki mbili njia imeshafunga, na tope la utelezi unachonga mkongojo. Pwani na visiwani, Mafia au Pemba, ni panga na kisu cha stenlesi, msumeno unabaki. Panga ni la dafu: unalishika kiganjani vidole vikiwa chini mbali, unapunguza ganda la juu kwa kulilaza panga, pande tatu nne mpaka kifuu kionekane, kisha pigo dogo la ncha linafungua tundu bila kumwaga. Kisu ni cha samaki, mgongo wa kisu ndo unapara magamba, makali yanabaki ya kupasulia. Na kwenye miombo ni panga, Mora na msumeno, na nikiwa na wenyeji wenye kishoka msumeno nauacha.

Mambo ya sheria na heshima nayo msiyapite. Ndani ya hifadhi za taifa usikate chochote, hata kavu. Kwenye misitu ya hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kuna vibali, Sheria ya Misitu ya 2002 inasema hivyo, na ofisi zao zipo wilayani, nenda kaulize kabla hujaingia. Ndege ni mzigo wa chini tu, usijaribu kupanda na hata kile kidogo cha Uswisi. Kwenye basi panga liwe kwenye ala, ndani ya begi, begi kwenye buti. Kijijini mtu kutembea na panga begani asubuhi ni jambo la kawaida, anaenda shamba, ila we mgeni hujulikani. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, shikamoo mzee, jieleze mko wangapi na mnalala wapi, panga likiwa kwenye begi. Mara nyingi atakupa na kijana wa kuwaongoza, na yule kijana atakua na panga kali kuliko lako.

Ukimpa mtu kisu mpe mpini, na usiachie mpaka aseme asante, ndo ishara kuwa amekishika. Anayefyeka awe peke yake mbele, wa nyuma yake awe umbali wa urefu wa mikono miwili na panga zima. Pigo lielekee mbali na mguu wa mbele, na mteremkoni simama upande wa juu wa kichaka. Jua likizama, mapanga yanaingia ala, kuni za usiku zikatwe kabla ya magharibi.

Kwa mwenye hela ndogo, nunua panga na tupa kwanza, mwezi unaofuata kisu, msumeno hata mwakani. Tupa isirukwe, panga la bei rahisi lenye tupa linalishinda la bei ghali lisilonolewa. Na kama mnaenda kundi, tuseme vijana 10 wa skauti au wa kanisani au wa madrasa, msibebe mapanga 10. Mawili yanatosha, msumeno mmoja, visu vidogo vitatu ambavyo kimoja ni cha jikoni tu, tupa moja, kinoo kimoja, na glavu za ngozi za anayenoa. Mchagueni mtu mmoja mtulivu awe mtunza vifaa, avifunge mpira mwekundu kwenye mipini visipotee majanini, na kila jioni avihesabu kabla watu hawajala, kikikosekana wote wanarudi kukitafuta kungali na mwanga.